Aparei ya Feza, kutoka Salamabila

Wakati nilikuwa mutoto, bibi yangu alikuwa ananipeleka soko ya Kasongo kuchagua chungu. Hakuwa anauliza bei kwanza. Alikuwa anainua chungu kwa mukono wa kushoto, anakigonga na kifundo cha kidole, kiisha anainama kusikiliza. Kikilia vizuri, anacheka peke yake. Kikilia kama mutu mwenye kikohozi, anakirudisha polepole bila kumwambia mama muuzaji neno baya, sababu alisema chungu nacho kina haya. Mimi nilikuwa nyuma yake nagonga vyote, na vyote vililia sawasawa katika masikio yangu. Mama mumoja mufinyanzi, mutu wa kabila la Wabangubangu wa upande wa Kabambare, alinifukuza na mwiko.

Kwa nini naanza na vyungu, mimi mwenyewe sijui. Shule nilisoma kidogo, na mutu wa shule kidogo akianza kuandika, kalamu inamupeleka kama mbuzi mwenye kamba ndefu. Lakini nafikiri ni kwa hii: tangu siku ile nilijua kuna watu wenye kujua kuchagua, na kuna sisi wengine, ambao lazima tutembee na mutu anayejua. Na kwa kuchagua aparei ya kupiga picha, nilimujua mutu mumoja tu. Jina lake Asumani.

Asumani na mimi tulikulia barabara moja, hapa Kasongo. Ujana wetu wote, yeye ndiye alikuwa mupiga picha. Alikuwa na baiskeli, aparei yenye mukanda wa ngozi, na kopo la maziwa la kutunzia filimu. Siku za Noeli alikwenda kwa Wakristo, siku za Idi kwa Waislamu, na kote alikula vizuri. Kabla ya kupiga, alikuwa anamwambia mutu, "Kohoa kwanza." Mutu anakohoa, uso unalegea, naye anapiga. Ingia nyumba yoyote ya wazee wa Kasongo, picha ukutani ni ya mukono wake. Picha ya ndoa yangu ni yake pia, muke wangu Mama Feza amevaa kikwembe cha kuazima, anacheka kikohozi.

Kiisha filimu zilikosekana, simu zikaingia, na Asumani akaenda Salamabila kutafuta zahabu. Alisema atarudi mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaanza, zikaisha tena. Nywele zetu zikageuka.

Sasa, sababu ya safari. Binti yangu Feza, kitinda mimba, alikuwa anapiga picha za harusi na simu. Watu wakaanza kumwambia, simu hata sisi tuko nayo, tukulipe ya nini? Akasema anataka aparei ya kweli, ile ambayo jicho lake linafunguliwa na kuondolewa, unaweka lingine. Alilima mupunga misimu miwili, hakununua hata kiatu. Mama yake alimwambia wazi mbele yangu: pesa hii ni ya mara moja. Mukirudi na kitu kilichokufa, utashika jembe, na neno la picha lisisikike tena katika nyumba hii. Feza aliitika kwa kichwa.

Mimi nilikuwa na kusudi la pili, sikulificha. Nilitaka Asumani achague aparei, kiisha arudi nasi Kasongo amufundishe mutoto kazi. Nilitaka kumusikia tena akiwaambia watu wakohoe.

Tulitoka Kasongo asubuhi, Feza katikati, mimi nyuma, dereva wa pikipiki mbele akiimba nyimbo za kanisa. Njia ni ile munayoijua, matope mekundu na madaraja ya magogo. Kila daraja tulishuka, dereva akapita peke yake akinung'unika, tukapanda tena. Mahali pamoja watu walikuwa wameanika mupunga katikati ya njia, na mama mumoja akatuambia tuzunguke porini, njia hii leo ni yake. Tukazunguka.

Lusangi tulilala, sababu dereva alikuwa na muzigo wa kuacha kule. Mama mwenyeji alitupa bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akauliza tunaenda wapi. Feza alipomweleza, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Watu wanaenda Salamabila na mufuko mutupu wanarudi na zahabu," akasema. "Ninyi munaenda na pesa kurudi na kioo." Bwana yake akamwambia awaache wageni wamalize kula. Lakini usiku huo Feza alilala na mufuko chini ya ubavu.

Salamabila tulifika jua likiwa kali. Jamani, muji ule hauna ukimya. Pikipiki, mashini za kusaga mawe, redio kila duka, vijana wenye udongo mpaka kwenye kope. Na kila mutu iko na mizani. Duka la Baruti, kijana mwenye maneno matamu, lilikuwa linauza simu, tochi na aparei zilizokwisha kutumiwa, zinazopitia Bukavu. Alizipanga juu ya kitambaa cheusi kama nyama ya sherehe.

Hapa ndipo Salamabila iliniingia kichwani. Kule watu wanapima kila kitu kwa kiganja. Kizito ni kweli, chepesi ni uongo, ndivyo zahabu ilivyowafundisha. Baruti aliniwekea mukononi aparei kubwa nyeusi, na jicho lake refu kama muchi wa kutwangia, na mukono wangu ukashuka. Wateja waliokuwa pale, wachimbaji ambao hawajapiga picha hata siku moja, wakasema kwa sauti moja, hiyo ndiyo, muzee, ina uzito. Baruti akamwambia Feza atazame ndani. Kule kwenye kilima aliona kifungo cha shati ya mutu. Akaniangalia na macho ya mutoto mwenye njaa, na mimi tayari mukono wangu ulikuwa unafungua mufuko.

Lakini Feza alinishika. Akasema, kwa sauti ndogo, "Baba, tumutafute kwanza Papa Asumani."

Tulimupata nyuma ya soko, ameketi juu ya kigunia, anatengeneza tochi za wachimbaji. Kuchimba alishaacha, mugongo ulikataa. Aliweka tochi chini.

"Amuri," akasema. "Meno uliyaacha wapi?"

"Nilikuachia wewe, uyapige picha."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kiisha akamuangalia Feza, akauliza huyu ni wa nani, na nilipomujibu, akatikisa kichwa. Alisema mama yake alikuwa na taya ngumu kupiga, hili la mutoto ni rahisi.

Dukani kwa Baruti, Asumani hakupima kitu kwa kiganja. Alifungua jicho refu kutoka kwenye mwili wa aparei, akaligeuza kuelekea mbingu, akamwita Feza achungulie. Ndani ya kioo kulikuwa nyuzi nyeupe, kama utando wa buibui muchanga.

"Kuvu," akasema. "Unyevu wa kwetu. Hili jicho limeshaanza kulima shamba lake."

Baruti akasema hiyo haionekani katika picha. Asumani akamujibu, leo haionekani. Kiisha akamuuliza Feza, kule Kasongo anapiga nini. Harusi, ubatizo, matanga. Akauliza tena, katika harusi bibi-arusi anakuwa wapi. Feza akasema, mbele yangu.

"Anakukanyaga vidole, si ndiyo? Sasa jicho la kuona kilima ni la nini? Unamupiga bibi-arusi ao unawinda?"

Wachimbaji wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, ingawa mufuko ulikuwa bado wazi mukononi.

Akauliza aparei za wapiga picha wengine wa Kasongo ni za aina gani. Feza alijua. Basi, akasema, uchukue ya aina ile ile, hata ikiwa ndogo, sababu siku jicho lako likianguka utaazima kwa mwenzako. Ukichukua ya peke yako, utalia peke yako. Akatoa nyuma ya kitambaa aparei moja yenye mikwaruzo, ambayo hakuna mutu aliyeigusa. Akapiga ukuta mweupe, akatazama kama kuna madoa. Akapiga kivulini, akapiga juani. Akaangalia vyuma vidogo vya shaba pale jicho linaposhikana na mwili, kama havikuliwa na kutu. Akauliza chaji iko wapi, na akaingiza mwenyewe kwenye umeme ili kuona kama inawaka.

Pesa ilibaki ya jicho moja, na majicho yalikuwa mawili: moja linavuta karibu na mbali, lingine fupi, nene, halisogei. Feza alitaka lile la kuvuta. Asumani akampa lile fupi. Akamweleza kwamba linameza mwanga mwingi, na ukumbi wa Kasongo jenereta ikikohoa linabaki linaona.

"Na nikitaka mutu awe mukubwa?" Feza akauliza.

"Tembea."

"Na nikitaka waingie wote?"

"Rudi nyuma. Angalia tu usiingie kwenye sufuria ya pilau."

Kilichobaki tukanunua betri ya pili. Baruti alisema muzee huyu anamuharibia soko. Asumani akamwambia, nimekuuzia ile ambayo ilikuwa inakuzeekea, ulipaswa kunipa soda. Na kweli akampa.

Tulipokaa kula maharagwe, nilimwambia kusudi langu la pili. Hakukataa. Alisema anataka kuona kwanza kama mutoto iko na mukono. Dada yangu mukubwa, yaya Mwamini, anakaa Kabambare, na tulikuwa tumepanga kupita kwake. Asumani akasema atatusindikiza hadi kule. Akafunga tochi zake katika kigunia, akatafuta pikipiki nyingine. Nilihesabu kwamba mutu aliyefunga vyombo vyake ameshaanza kurudi.

Kabambare yaya alitupokea na ndizi na vicheko. Asubuhi Asumani alimuketisha mulangoni, pale mwanga unaingia kwa ubavu, akamusukuma kidevu kwa kidole kama zamani. Feza akashika aparei kwa haraka. Akapiga mara ya kwanza, picha ikatoka na ukungu. Ya pili, yaya amekaza uso kama mutu mbele ya hakimu. Kiisha Feza mwenyewe, bila kuambiwa, akasema, "Shangazi, kohoa kwanza." Nafikiri nilikuwa nimemusimulia mara nyingi kuliko nilivyojua. Yaya akakohoa, akacheka, na Feza akapiga.

Asumani alitazama ile picha katika kioo cha nyuma. "Iko na mukono," akasema.

Nikamwambia, basi twende nyumbani.

"Kasongo kila mutu atauliza nimeleta nini."

"Umejileta mwenyewe."

"Amuri, mutu haendi Salamabila miaka yote hii akarudi na yeye mwenyewe tu."

Nilimwambia yale mutu anamwambia rafiki. Kwamba nusu ya wale anaowaogopa wameshazikwa, na nusu nyingine wanaona kazi ya mukono wake ukutani kila siku. Akasema atafikiri.

Ya kurudi sitayasimulia sana, mvua ilitupiga kutoka mwanzo mpaka mwisho, na Feza alikumbatia aparei ndani ya kikwembe kama mutoto wa siku saba. Leo anafanya kazi. Mama yake, yule wa neno la jembe, ndiye anapokea wateja. Mimi nimejifunza kwamba aparei nzuri ni ile inayofanana na kazi ya mwenye kuishika, si na tamaa ya anayeitazama dukani. Nimejifunza pia kwamba kumupata mutu si kumurudisha.

Sababu asubuhi ile ya kuondoka Kabambare, Feza alimuomba Asumani asimame apigwe picha. Mutu aliyepiga muji muzima, yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja. Alikubali. Alisimama kwenye kiwanja, akajitazama shati, akasema ina mafuta ya tochi, anakwenda kwa rafiki mumoja karibu na soko kuazima nyingine. Feza akamwambia hata hiyo ni nzuri. Akasema, ngoja kidogo, mutoto. Akachukua kigunia chake. Pale nilipaswa kuelewa, lakini nilikuwa nafunga muzigo. Alipita mbele ya duka la chumvi, akamusalimia mama mumoja, akashika njia polepole, bila kugeuka, na hakurudi.