Tebo za Bondeni

Niliingia kamati ya wazazi na walimu bila kuwa mzazi wala mwalimu. Aliyechaguliwa ni Mama, lakini mpunga ulipoanza kuiva alihamia shambani, akaniambia, "Nenda wewe, unapenda vikao." Sivipendi. Nikishasema neno mbele za watu nalirudia kichwani mpaka usiku, nikitafuta nilipokosea. Shule niliachia kidato cha pili. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, ndiyo maana naogopa kosa kuliko ninavyoogopa nyoka.

Siku hiyo mwalimu mkuu hakutuzungusha. "Darasa la saba lote liko bondeni," alisema. "Mwalimu anafundisha madawati."

"Na ndege, Mwalimu, nani atawafukuza?" akauliza mama mmoja. Watu wakacheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mpunga ukikaribia kuiva, familia huhamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, na watoto hushinda huko wakiamia ndege. Wanapiga madebe na kelele tangu alfajiri. Ukigeuka kidogo tu, jaruba zima limebaki mabua.

Mdogo wangu wa kike alikuwa mmoja wao. Mtihani wa majaribio ulikuwa karibu, na Mama alishamwambia wazi: "Ukifeli huu, tusidanganyane. Utabaki shamba na mimi." Sasa mtoto atafauluje, na daftari lake limekuwa mto wa kulalia?

Nikanyoosha mkono. Nikapendekeza akina mama tuamie ndege mchana, watoto warudi darasani.

"Sauti tutaitoa wapi?" yule mama akasema. "Mtoto akipiga kelele kutwa, anacheza. Mimi nikipiga kelele kutwa, mnaniita kichaa."

Mwalimu wa hesabu akamjibu, "Basi pigeni tebo, mama yangu. Kichaa hapigi tebo."

Kesho yake aliwaleta wanafunzi ukingoni mwa mashamba, wakaimba tebo ya saba, saba mara moja mpaka saba mara kumi na mbili, kwa nguvu zote. Ndege wakaruka kama wametupwa. Akina mama wakakubali, nadhani zaidi kwa hamu ya kuchekana.

Watoto wakarudi shule, sisi tukashika bonde. Dungu moja linauliza, "Saba mara nanee!" linalofuata linajibu. Mwanzoni walijibu lolote lililokuja mdomoni. "Mia!" Ndege walikimbia vilevile, maana ndege hasahihishi. Niliyesahihisha ni mimi. Nilipita kwenye tope dungu kwa dungu: "Sivyo, shangazi, ni hamsini na sita. Rudia."

"We binti," shangazi akaniuliza, "hawa ndege wanafanya mtihani lini?"

Sikumwacha. Sikuwaacha wote. Mpaka siku ya mtihani inafika, hata Mama, ambaye hakusoma darasa hata moja, alikuwa hakosei. Nilijisikia kama nimejenga chuo.

Shule yetu iko juu ya bonde, na madirisha yake hayana kitu cha kufunga. Asubuhi hiyo nilikuwa dunguni na Mama, bonde limechangamka kwa tebo, nikamwona msimamizi wa mtihani aliyetoka wilayani akiteremka kwenye tope, viatu mkononi.

"Mkubwa wa hapa ni nani?"

"Mpunga, baba," mtu akajibu.

"Nimewasomea watoto swali, tisa mara saba, sijafunga mdomo, bonde zima limejibu! Mkiendelea nafuta mtihani wa darasa zima."

Tukanyamaza. Ndege wakatua. Tukajaribu kupiga hoi hoi kama zamani, lakini tulishazoea zamu. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake. Mama akatazama mpunga, akatazama shule, akautazama tena mpunga.

"Si tukosee tu?" shangazi akasema. "Jibu la uongo si jibu."

Msimamizi akafikiri, tope likimpanda miguuni. "Haya. Lakini yote yawe ya uongo. Nikisikia moja la kweli, nafuta."

Darasani alikuwa amemwacha mwenzake; yeye akasimama palepale kusikiliza.

"Nane mara nanee!" likauliza dungu la kwanza. Zamu ikawa yetu. Mama akanisukuma kwa kiwiko. Nikafungua mdomo, na kwa jinsi nilivyoumbwa nikaanza, "Sitini na..."

Mama akaniziba kwa kiganja kinachonuka moshi. "Ukiipatia hiyo," akaninong'oneza, "mdogo wako anakuja kukaa hapo ulipokaa."

Nikafumba macho. "Kumi na mbiliii!"

Ndege wakaruka. Mimi nikatamani kuruka nao. Tukaendelea hivyo mpaka mchana, watu wazima tukijitahidi kukosea bila kukosea, na msimamizi akitikisa kichwa kuturuhusu kila tulipoharibu vizuri.

Mdogo wangu alikuja jioni, mbio, kanitolea macho. "Dada, kumi na mbili? Wewe? Nilifuta jibu langu, nikaliandika, nikalifuta tena. Nikasema labda mimi ndiye nimesahau."

"Mwisho ukaandika ngapi?" nikauliza.

"Sitini na nne. Ila umenitesa, dada."

Akalifuata debe lake lilipokuwa limening'inia. Mama akawahi kulishika.

"Na ile tisa mara saba?"

"Sitini na tatu."

Midomo ya Mama ikacheza, akihesabu. "Ndiyo," akasema. "Sitini na tatu." Akalivuta debe upande wake. "Wewe kasome. Ndege wana watu wao."

Wakateremka kwenda kuwasha moto. Mimi nikabaki juu, nikisahihisha kimoyomoyo, moja baada ya jingine, yote tuliyokosea tangu asubuhi.