Maji ya Kwanza

Nyumbani kwa dobi kulikuwa na amri moja ambayo hata mgeni hakuthubutu kuivunja: maji ya kwanza ya asubuhi hayakuwa ya kila mtu. Yalikuwa yamelala bombani usiku kucha, yakapoa vizuri, na hakuna aliyeyagusa. Kwa hiyo yalikuwa ya yule anayependwa kuliko wote. Wengine walisubiri.

Kwa miaka mingi aliyependwa alikuwa mwanawe wa kwanza. Kabla hata ya kuwasha pasi, dobi, mama yake, alimkingia kikombe cha bati, akasimama palepale mpaka kikauke. Binti yake mdogo alinuna, akaambiwa aliyekuja nyuma hunywa nyuma.

Huyo wa nyuma alisoma, akaajiriwa ofisini. Mpendwa hakuvuka darasa la nne. Kumfundisha kusoma kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu: leo anajua, kesho amesahau, na tumbo linamkata kila mara. Mama alisema ni uvivu tu. Samaki mkunje angali mbichi, basi akamkunja kwa fimbo, na ni yeye mwenyewe aliyempa jina la Zege, kwa uzito wa kichwa. Jina likashika mtaa mzima. Sasa Zege ana mvi, anasukuma mkokoteni sokoni, na bado analala chumba cha nyuma.

Binti alipohamishwa kikazi, alimwacha mtoto wake kwa bibi, na kikombe kikahamia kwa mjukuu. Alikuja na maneno mengi mno, anauliza hata nzi analala wapi. Mwaka haukuisha akaanza kupungua. Chakula hataki, tumbo linauma, nyimbo alizozijua zimempotea mdomoni. Siku alipomwaga uji mara ya pili, bibi akamwita Zege Mdogo. Zege mwenyewe alikuwepo, akacheka kama alivyozoea kucheka akichekwa.

Daktari hakucheka. Alipima damu ya mtoto akakuta madini ya risasi, sumu inayokula akili ya mtoto polepole bila kupiga kelele. Akasema mtoto anaipata pale anapoishi, na isipokatwa mapema hatarudi kuwa yule aliyekuwa.

Ndipo akaja fundi wa mamlaka ya maji. Dobi alimfungulia akiwa na kiburi kidogo, maana nyumba yake ilikuwa safi hadi inatia aibu kukanyaga. Hata lile bomba linaloingiza maji kutoka barabarani, lililochomoza chini ya sinki, alilipaka rangi nyeupe kila mwaka. Zege alishika tochi. Fundi alipiga magoti, akaeleza kuwa bomba la chuma hushikwa na sumaku, la shaba likikwanguliwa huwa jekundu, na la plastiki hata kipofu atalijua kwa kupapasa. Akaweka sumaku, ikaanguka. Akakwangua kwa sarafu, rangi ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya miaka iliyosahaulika, mpaka akafika kwenye kitu cha kijivu. Sarafu ikazama kidogo kama kwenye mche wa sabuni, na palipochubuka pakang'aa.

"Ni risasi," akasema.

Dobi akajitetea kwamba maji ya uji huyachemsha sana. Fundi akamwambia kuchemsha hakuondoi kitu. Mpaka bomba hilo lichimbuliwe, maji ya kunywa na kupikia wachote kwa jirani mwenye bomba jipya. Alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake alipoongeza jambo dogo:

"Na yale ya asubuhi ndiyo mabaya zaidi, mama. Yakilala humo usiku mzima yanakolea. Hayo hata mtoto wa adui usimpe."

Dobi alikaa sakafuni palepale. Alikuwa amempa mjukuu sumu kwa mkono wake, tena kwa mapenzi, tena akihakikisha halibaki hata tone. Zege hakuwa mwepesi wa kuunganisha mambo, lakini hili aliliunganisha, tochi ikiwa bado inawaka mkononi.

"Maji ya kwanza yalikuwa yangu," akasema. "Kwa hiyo mama, sikuwa mvivu?"

Dobi alimtazama fundi amsaidie. Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka imepita mingi, huenda ndiyo, huenda siyo, hakuna wa kumjibu sasa. Zege akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akamwangalia mtoto aliyekuwa amekaa mlangoni, kimya.

"Basi huyu usimwite jina langu."

Akazima tochi, akachukua ndoo, akatoka kwenda kwa jirani. Mama akainuka kwa shida, akamwita kwa jina lake la kweli, lile alilompa siku alipozaliwa. Zege aliendelea kutembea. Akamwita tena kwa jina hilohilo, kwa sauti kubwa zaidi, naye hata hakugeuza shingo, maana hakujua kuwa ndiye anayeitwa.

Ikabidi amwite Zege. Ndipo akageuka.