DVD ya Jubile na Mguu Wangu Darini

Chekeni tu, mimi nilishazoea. Hapa Uvira wapo watu ambao jina langu la ubatizo, Amani, hawalijui, wananiita Mukwe wa Bati, na yupo mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye kila mvua ikinyesha lazima aniulize kama kule juu panavuja. Aibu ninayo, sikatai. Lakini kwa kuwa kila mtu anakisimulia kisa hiki kwa namna yake (wapo wanaoapa kwamba nilianguka mzima mzima mpaka kwenye sufuria ya bugali, uongo mtupu), acha leo nikisimulie mimi mwenyewe niliyekuwa huko juu.

Nilikuwa nimemchumbia Furaha. Nilishajitambulisha kwao, maneno ya mahari yalishazungumzwa yakaisha, kilichobaki ni kitu kimoja tu, baba yake, Papa Kashindi, ataje siku ya harusi, naye hataji. Kila tukienda anasema, "Tutaona," anakunywa chai yake, basi. Furaha alianza kukonda na mimi nilianza kuota ndoto mbaya. Kwa hiyo Jumapili moja alipotuita mwenyewe nyumbani, mimi na Musafiri, binamu yangu mkubwa, tukajua leo ndiyo leo. Musafiri ndiye alikuwa msemaji wangu, maana kwetu mchumba hajisemei, anakaa kitini na adabu zake na mkubwa wake ndiye anayeongea. Njiani alinishika shati akaniambia:

"Weye leo uko na kazi moya tu, kunyamaza. Wakikuuliza kitu, cheka kidogo, angalia chini."

Ningemsikiliza ndugu yangu huyu, leo ningekuwa na jina la heshima.

Tulifika, tukakaribishwa, tukakaa. Papa Kashindi alisimamia mizigo bandarini Kalundu maisha yake yote, na mpaka leo akikusalimia utadhani anamwita mtu aliye kwenye boti. Mama Furaha alikaa mbali kidogo, ameinamisha uso kama inavyompasa mama mkwe mbele ya mkwe, nami nikainamisha wangu. Baada ya soda Papa akasimama, akafungua kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufumwa. Ilikuwa DVD ya jubile, filamu ya siku yeye na Mama walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Aliishika kwa ncha za vidole kama padri anavyoshika hostia.

"Mbele ya kuongea kitu yoyote," akasema, "nataka mukwe aone hii."

Na mimi, badala ya kucheka kidogo na kuangalia chini, nikafungua mdomo.

Mnisamehe, lakini mimi nauza na kutengeneza simu kwenye barabara ya Kalundu, mambo ya picha ndiyo ugali wangu, na nilijua filamu ile ile iko mtandaoni kwa sababu kaka yake Furaha aliye Kanada aliiweka huko ili ndugu wote waione. Nikasema, "Papa, samahani, DVD ni ya zamani. Hii filamu iko kwenye internet. Nikiunganisha simu na televisheni yako hii ya plasma, utaona picha safi mara kumi." Musafiri alinikanyaga mguu. Niliusogeza mguu nikaendelea.

Papa alinitazama. Akaifunga DVD yake kwenye kitambaa polepole, akaiweka juu ya meza.

"Haya," akasema, "onesha."

Nilichomeka waya, nikatafuta, filamu ikaanza, na Bwana wangu! Vilikuwa vipande vipande vya rangi vinasukumana. Kwaya ilionekana kama nguo zilizoanikwa. Mama Furaha alipotokea na gauni lake la jubile, uso wake ulikuwa kama muhogo uliolowekwa siku tatu, hauna pua wala macho. Halafu picha ikasimama, kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Tukakitazama kiduara. Majirani wawili waliokuwa wamekuja kuchungulia wakakitazama pia.

"Ni mimi ile?" Mama aliuliza taratibu.

"Siyo picha, Mama, ni rezo, mtandao iko chini," nikasema, jasho likinitoka. "Niko na kadi ya simu ya Burundi. Hiyo iko na nguvu, ila inataka mahali pa juu."

Wenyeji wananielewa. Bujumbura iko pale tu ng'ambo ya ziwa, ukiwa mahali pa wazi unaikamata mitambo yao vizuri kuliko ya kwetu. Basi nikaiacha simu moja kwenye plasma, nikamkabidhi Furaha, nikachukua simu yangu ya pili yenye kadi ya Burundi ili iirushie ile ya ndani mtandao, nikatoka nje. Uani haikukamata. Juu ya ukuta ikakamata kidogo. Nami nikaona, mbona bati liko hapo karibu, hatua moja tu.

Sasa hapa ndipo wazee wote wa bonde la Ruzizi mnaposhika vichwa, najua. Mkwe hapandi juu ya nyumba ya wakwe zake. Kupanda pale ni kukaa juu ya kichwa cha mama mkwe, naye yuko chini yako, tena siku ya kuomba jibu! Nilijua tangu nikiwa mtoto. Lakini mtu anayetaka kushinda ubishi hana kumbukumbu.

"Iko wazi?" nikapiga kelele kutoka juu.

"Bado!" Furaha akajibu.

Nikasogea. "Na sasa?"

"Iko inazunguka!"

Nikasogea tena, simu nimeinyoosha kuelekea Bujumbura kama mtu anayeomba mvua, watoto wa mtaa wamejaa njiani wananishangilia, na katika hali hiyo hiyo akaingia Shangazi Feza, dada yake Papa, amefika kutoka Kiringye na mfuko wa mchele kichwani, amekuja kumtazama mchumba kwa mara ya kwanza.

"Fundi," akaniuliza, "bati iliharibika?"

Watoto wakamjibu kabla yangu, kwa furaha kubwa sana, "Haiko fundi! Iko mukwe!"

Shangazi alishusha mchele wake. Akakaa chini, hapo hapo uani, akapiga mapaja kwa mikono miwili. "Yoo, Kashindi! Mukwe iko juu ya kichwa ya muke yako! Mutu gani huyu mulimupa soda?"

Nilitaka kushuka haraka, naapa. Fundi wa kweli hukanyaga penye misumari, kwa sababu chini ya misumari kuna mti. Mimi nilikanyaga penye kutu. Nikasikia kraa! na mguu wangu wa kulia ukashuka wote, ukapita bati, ukapita plafoni, ile dari ya mikeka, ukatokea sebuleni. Suruali yangu ya Jumapili ilibaki juu pamoja nami, imepasuka mpaka kiunoni, mguu ulikwenda peke yake.

Kule ndani nikamsikia mtu wa kwanza akicheka, na alikuwa Musafiri, msemaji wangu.

Kuutoa sikuweza, bati lilinibana pajani na kila nikivuta linauma. Papa akaita, kwa ile sauti yake ya bandarini, kwamba nisijikate, nikae hivyo hivyo, amemtuma mtu kwa fundi mwenye mkasi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Wakati tunangojea, acha basi nitie DVD yangu."

Ikawa hivyo. Mguu wangu unaning'inia sebuleni bila kiatu, na Papa anaweka DVD. Nilipoinama niliona kwa ule upenyo wa pembeni ya paja, na plasma ilikuwa mbele yangu kabisa. Jamani. Niliona kila uso wa kwaya. Niliona maua ya kitenge, niliona vijasho puani mwa padri. Nikamwona Mama, uso wake wote, na mwanya wake, na Papa anamvisha pete mpya inakataa kupita kwenye kiungo cha kidole, vidole vya kazi vimenenepa, naye anakilowesha kile kidole kwa machozi yake mwenyewe, anacheka na kulia pamoja, na Mama anamfuta shavu kwa kiganja.

Ndicho alichotaka nikione kabla ya kusema chochote. Hakutaka niione picha safi, alitaka nione namna mwanamume anavyomtazama mke baada ya miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimemwonesha muhogo. Niliona haya kweli kweli, si zile za suruali.

"Amani!" Papa akaniita. "Uko unaona?"

"Niko naona, Papa."

"Inaonekana namna gani?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. "Inaonekana muzuri sana, Papa. Inapita ya internet mbali. Nilikosea."

Shangazi Feza, ambaye sasa alikuwa mlangoni, akasema mtu kama huyu arudishwe kwao leo leo, pamoja na soda yake. Nikafumba macho. Ndipo nikasikia Mama Furaha, ambaye muda wote alikuwa amejifunika uso kwa kitenge ili asiuone mguu wa mkwe, akicheka humo ndani ya kitenge, cheko la mtu aliyejizuia kwa muda mrefu, mpaka akashindwa kupumua. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akampa Furaha aende aufunike ule mguu, nao ukafungwa fundo zuri kabisa.

"Musafiri," Papa akasema, "minye nilikuwa bado nafikiri. Lakini ona, mguu moya ya huyu mutoto iko tayari ndani ya nyumba yangu. Tutamurudisha namna gani? Tupange tu siku ya kuingiza ule ingine."

Walipanga mwezi na siku mimi nikiwa bado juu, fundi akiwa bado njiani, na kila waliponiuliza kama nakubali nilijibu kupitia lile tundu. Tangu siku ile nimekula kiapo. Nikiwa kwa wakwe, wakiniuliza kati ya hiki na hiki kipi kizuri, nasema kile cha Papa, halafu nacheka kidogo na kuangalia chini.