Nati Nne Zisizovimba

Hadi leo watu wa Ihembe wakisikia lori likipanda kilima hushika mbavu kabla halijatokea. Wa kulaumiwa ni Byarugaba.

Byarugaba na Placidius walikuwa wanywani, ndugu wa kuchanjia damu. Walichanjana tumboni, wakapaka damu punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake, wakaapa: atakayesaliti, tumbo limvimbe hadi apasuke. Kisha vita vya Wazungu vikamchukua Byarugaba, akatiwa karakana ya jeshi. Miaka minne alizungusha spana akimuwaza mchumba wake, Kemirembe. Kurudi, akakuta matanga yake mwenyewe yameondolewa zamani. Placidius ndiye aliyeleta habari za kifo, machozi yakimchuruzika hadi kwenye vidole vya miguu, na Placidius ndiye aliyemwoa Kemirembe.

Byarugaba alikaa akingoja kiapo kifanye kazi. Na kweli, tumbo la Placidius likavimba! Lilitangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata baada ya nusu saa. Lakini lilikuwa la nyama na pombe ya rubisi, dalili ya kupasuka haipo. Miaka sita Byarugaba alilitazama tumbo lile, roho ikimtokota kama ndizi chunguni.

Mwaka wa hamsini na moja Placidius akapata lori kuukuu.

"Munywani wangu, nifungie viti viwili juu ya paa la gari. Pasaka nataka kanisa zima linione nikija na mke wangu."

"Nitakufungia, munywani. Hutasahau."

Paa lilikuwa la bati mbili zilizofunikana, mkono haupiti ndani kushika nati. Lakini Byarugaba alikuwa amerudi kutoka vitani na kopo la nati zenye shingo nyembamba. Unatoboa bati, unachomeka nati tunduni, unaivuta kwa bolti na spana. Shingo inajikunja, inavimba huko ndani, inang'ang'ania bati kama kupe kwenye kiwele. Kiti cha Kemirembe alikipa nati nne, akazivimbisha hadi spana ikalia. Kiti cha Placidius nacho akakipa nne. Hizo alizichomeka tu, akatia bolti, akapaka rangi juu.

Siku ya Pasaka mume na mke walikaa juu, dereva chini, na mbele ya kanisa lori likaingia shimo. Kiti kikang'oka na bolti zake, Placidius akaruka nacho, amekaa vilevile, mikono magotini, kofia kichwani. Wapo wanaoapa kwamba alipita juu ya kengele. Akatua katikati ya zizi la ng'ombe, kwenye samadi mbichi.

Kule juu ya paa Kemirembe hakutikisika. Akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na kanisa zima likacheka naye.

Placidius akaibuka, kijani mwili mzima. "Byarugaba! Umenisaliti! Tumbo litakuvimba!"

Byarugaba akatoka katikati ya waumini, akafungua shati, akaonyesha tumbo bapa kama ubao.

"Si ulinizika, munywani? Tangu lini maiti akafungwa na kiapo? Nati zako sikuzivimbisha. Kuvimba nimekuachia wewe."

Placidius akamgeukia mkewe. "Mama, shuka twende nyumbani."

"Nishuke wapi?" Kemirembe alishikilia kiti chake kwa mikono miwili. "Hiki kimekazwa. Dereva, geuza gari. Nipeleke Nyakatuntu, kwa baba yangu."