Khitma ya Mshairi wa Wete

Ofisini kwetu, katika hospitali moja ya kusini mwa London, kazi yetu ni kuwapangia wagonjwa siku za kumwona daktari na kisha kuwaandikia barua kwamba siku hizo zimeahirishwa. Nilikaa meza moja na mama wa Kireno kwa miaka minne. Kila mchana, akifungua kibakuli chake cha wali na samaki, alinisimulia jambo lile lile: jarida la fasihi lililotoka kwao Lisbon zaidi ya miaka mia iliyopita. Vijana wachache walichoshwa na mashairi ya baba zao, wakatoa jarida kwa kusudi la kuudhi watu. Watu wakaudhika. Magazeti yakaandika kwamba waandishi wale ni wagonjwa wa akili, na nakala zikaisha madukani. Likatoka toleo la pili. La tatu lilikuwa limeshapangwa kwa mpiga chapa, ndipo baba wa kijana mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mlipaji, akasema basi. Historia yote ni hiyo. Mama yule aliisimulia kama mtu anayesimulia ndoa yake ya kwanza.

Mimi kilichonikaa kichwani ni habari ya kijana mmoja kati yao, aliyekuwa akiandika kwa majina ya watu wasiokuwepo. Kila mmoja alimpa mahali pa kuzaliwa, kazi, tabia na mtindo wake wa kuandika.

"Walikuwa hawatoshi kujaza kurasa?" nikamwuliza.

Akaniangalia kwa huruma, akasema jambo lile lina undani zaidi. Nikaona anajisumbua bure. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Nikaamua kutoa jarida langu, la Kiswahili, kutoka chumba cha nyuma cha nyumba yetu Peckham. Niliwaomba Watanzania wenzangu maandishi. Mtanzania wa London hakatai kitu. Watu kumi na mmoja waliniambia, "Usijali, nakutumia," na hadi leo wananitumia. Mke wangu akaniambia maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge. Basi nikayaoga kwa njia ya Lisbon: nikatunga washairi wanne.

Watatu wa kwanza hawana haja ya kuelezwa, hata mashairi yao hayakuwa na haja. Wa nne alikuwa mzee wa Wete, Pemba, mgane, aliyeondoka kwao kijana kwa meli ya mizigo akaishia Uskochi. Nilimpa dada, kwa sababu ubeti wa tatu ulihitaji mtu wa kumngoja mlangoni. Nilimpa na jina, ambalo sitalitaja, maana baadaye lilitokea kuwa na wenyewe. Pemba niliichagua kwa hesabu. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, Pemba sijawahi kukanyaga, na kwa ramani niliyoiona shuleni ni kisiwa kidogo kilicho mbali. Nikajua hatokei mtu wa kuniuliza.

Hilo ni kosa ambalo mtu wa bara peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Ukimtunga mtu Dodoma, atapotea na hakuna atakayemtafuta. Pemba kila mtu ana mama, mama ana jirani, na jirani yuko Tooting, hapa hapa London.

Nakala niliziacha kwenye maduka ya vyakula vya kwetu hapo Peckham, saluni mbili za kusuka, na duka la nyama Tooting, juu ya friza. Nikarudi nyumbani kungoja kashfa. Wiki mbili zikapita. Mtu mmoja alipiga simu kuuliza mbona sikuweka matangazo ya vifo. Mwingine alitaka nyakati za kufuturu. Hakuna aliyependekeza nipelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, labda kwa kuwa walisikia tayari nafanya kazi hospitali.

Kisha Wapemba wakaanza. Walitaka kujua yule mshairi ni wa ukoo gani. Nilipojibu kwamba hapendi kujulikana, waliridhika kwa dakika tano, halafu akapiga mwingine. Mzee mmoja aliniambia amesoma naye darasa moja, na kwamba alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Nilimshukuru. Nilikuwa sijui.

Barua ya bibi mmoja wa Tooting ilikuja mwezi uliofuata. Ilikuwa shairi la beti nane kwa wino wa buluu, kwa vina na mizani vilevile vya shairi la mzee wangu, kumjibu. Aliandika kwamba kaka yake aliondoka Wete kwa meli ya mizigo akiwa na miaka ishirini, na kwamba tangu siku hiyo haijaja barua wala salamu. Ubeti wa mwisho ulikuwa na mistari hii:

*Nilikusubiri sana, mlangoni nikikaa,*
*Na kama ndiwe, bayana, taja jina la mtaa.*

Hapo ndipo nilipotakiwa kupanda basi kwenda Tooting kusema ukweli. Najua. Sihitaji kuambiwa. Lakini kwetu shairi likiuliza hujibiwa kwa shairi, na kuliacha bila jibu ni sawa na kutoitikia salamu. Isitoshe, lilikuwa zuri kuliko yangu yote manne, na toleo la pili lilikuwa na kurasa tupu. Nikalichapisha, na chini yake nikaweka jibu la mzee wa Uskochi, beti nane za kuzungukazunguka kuhusu uzee na baridi. Mtaa sikuutaja. Nilidhani hilo litamkatisha tamaa.

Akapiga simu siku jarida lilipofika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeona alivyokataa kuutaja mtaa? Ndo yeye huyo! Mbishi tangu mdogo. Nipe namba yake."

Nikasema hana simu. Akasema atampandia treni. Nikasema anaumwa, yuko hospitali. Akasema basi ndiyo maana inafaa aende upesi, na je, huko Uskochi wanampa uji? Kila nililolisema kumzuia lilimsogeza hatua moja karibu na kituo cha treni. Mjukuu wake alikuwa ameshatafuta tiketi. Alikuwa na miaka sabini na tisa na magoti mabovu. Kwa hiyo siku ya Jumanne, saa ya mapumziko ya chai, nilikwenda kusimama karibu na lifti za hospitali, nikampigia simu, nikamwua kaka yake.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama amezikwa Kiislamu. Nikasema ndiyo. Akaniombea dua ndefu kwa kumtunza nduguye, na mimi nikaitikia amina mara kadhaa, huku watu wakipita na vitanda vya magurudumu.

Khitma ilisomwa Jumapili, baada ya adhuhuri, katika ukumbi ulio juu ya duka Tooting. Nilialikwa kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyewahi kumwona marehemu huko Uskochi. Walikuja watu kutoka sehemu zote za jiji. Wanaume waligawana juzuu za Kurani wakakaa chini kusoma, wanawake walikuwa chumba cha pili, na mimi, Mkristo wa Dodoma, nikapewa kiti kwenye kona. Mzee wa mkono wa kushoto alisimulia marehemu alivyowahi kuanguka kwenye mkarafuu, na watu wakatikisa vichwa. Kisha wakaniomba niseme neno.

"Alikuwa mtu mkimya," nikasema.

Sikuwa nimesema jambo la kweli zaidi kumhusu. Mtu nyuma yangu akalia. Ikaletwa pilau, halwa na kahawa, na nikala, kwa kuwa nisingeweza kukataa bila kueleza. Niliona aibu ya kweli, ile ambayo mtu hawezi kuifanyia mzaha hata akijaribu, nami nilijaribu.

Nilikuwa navaa viatu kwenye ujia wa nje pale bibi aliponifuata. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Mfupi, miwani minene, kanga nyeusi juu ya koti la baridi. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Mama yetu alikufa kakataa kumsomea," akaniambia. "Alisema mtu hasomewi mpaka habari yake ije. Na mie nikawa vivyo hivyo. Siwezi kumwombea mgonjwa, siwezi kumwombea maiti, sijui nimwombee nini. Sasa ndo nimejua. Jana nimelala mpaka alfajiri, sijalala hivyo tangu niko msichana." Akauongeza mkono wa pili juu ya wangu. "Nakuuliza jambo moja tu, mwanangu. Alinitaja?"

Kusema ndiyo kungekuwa neno moja. Nimeandika maneno mengi zaidi ya uongo katika barua za hospitali. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na nikajiambia mwanamke huyu nimeshamdanganya vya kutosha, angalau mara moja anastahili kuheshimiwa. Nilijiona mwungwana sana kwa wazo hilo. Nikamweleza yote, tangu mama wa Kireno na jarida la Lisbon mpaka ubeti wa tatu uliohitaji mtu wa kungoja.

Alisikiliza akitazama viatu vilivyopangwa ukutani.

"Huyo mtu hayuko?"

"Hayuko, bibi. Nimemtunga."

"Na huko Uskochi hakuna kaburi?"

"Hakuna. Nisamehe."

Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani, ningeondoka mwepesi. Badala yake aliuachia mkono wangu, akainua mikono yake mpaka usoni, akaishusha polepole.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi hajafa."

Usingizi wa jana nilikuwa nimeshamnyang'anya, na yeye anamshukuru Mungu. Akaniuliza jarida litatoka tena lini. Nikasema mwezi ujao, ingawa nilikuwa nimeapa kwa mke wangu kwamba nimeacha.

"Niwekee nafasi. Nitaandika jingine. Lile la mwanzo halikumfika." Akawa anahesabu kwa vidole chini ya kanga. "Atakuwa na thamanini na tatu sasa. Si nyingi hizo. Babu yetu kafika tisini na sita."

Kisha akanikumbusha nifunge kamba za viatu, ngazi ni mbaya, akaingia chumba cha wanawake kuwaambia waache kulia.