Kichwa cha Shemeji Yangu

Mimi nimeishia darasa la nne. Nasema mapema ili msomaji asidhani nimeandikiwa na mtu. Biashara ilipofunguliwa, watu binafsi tukaruhusiwa kununua kahawa, waliosoma walikuwa bado wanajaza fomu. Mimi nilishafika kijijini Mapera na mzani wangu begani. Baada ya misimu michache nilikuwa na ghala Mbinga mjini na lori lililojulikana kwa honi yake mpaka Kitai. Hakuna aliyenishika mkono. Ngumi nazo nilijifunza mwenyewe, nilipokuwa kuli Songea, kwa kupigwa kwanza.

Msimu ukiisha ghala hubaki tupu. Nilifagia makapi, nikafunga kamba za katani kwenye nguzo nne, nikawa na ulingo. Glovu nilizitoa kwenye marobota ya mitumba, jozi mbili, sponji yake imelala kiasi kwamba ukipigwa unahisi vifundo vya vidole vya mwenzako. Kinga za kichwa hatukuwa nazo, wala hatukuzitamani. Kila jioni wapakiaji wangu walipiga gunia la makapi nililolining'iniza darini, halafu tukapigana wenyewe kwa wenyewe. Kupigana huko tulikuita kuonjana. Niliwafundisha kwamba kichwa kinakomaa kama kisigino: kipigwe kila siku, mwisho hakisikii. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye lori, wakaamini. Na mimi niliamini.

Aliyeonjwa kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtu wa ziwani, upande wa Mbamba Bay. Alikuja kwangu na mabega ya kupiga kasia. Nilimtafutia pambano Songea na nikalitangaza kila kilabu cha pombe.

Alikuwa mcheshi. Kwetu shemeji ni mtani wako. Anakutukana mbele ya watu na wewe unacheka, ukinuna umejiaibisha. Yeye alikuwa na mchezo wa kuniigiza nikiwa nimelewa: anaburuza ulimi, anakosa mlango, anasalimia nguzo. Ghala zima lilikuwa linashika mbavu.

Jioni moja, baada ya kuonjana raundi nyingi, alivua glovu, akaenda kutoka, akajigonga ukutani kando ya mlango.

"Shemeji," alisema, ulimi mzito, "hii milango mbona miwili?"

"Pita ule wa bei nafuu," nilimjibu.

Tukacheka. Naye alicheka, ameegemea ukuta. Kesho yake alibeba gunia akasimama nalo akiuliza lori liko wapi, na lori liko mbele yake.

"Kichwa hiki, shemeji, kama kuna kinu ndani."

"Kinapata nini cha kukoboa humo?"

Tukacheka tena. Ugonjwa ulikuwa unatoka kinywani mwake waziwazi, siku baada ya siku, na sisi tunapiga makofi. Asiyecheka alikuwa mke wangu. Alimwona mdogo wake anatia chumvi kwenye chai, anaionja, anatia tena.

"Baba watoto," aliniambia, "huyu haigizi."

Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari alimpima macho, akamtembeza kwenye mstari wa sakafu, akamtoa nje, akabaki na mimi. Alinieleza taratibu, alivyoona sina shule. Kwamba ubongo ni laini, na kichwa kikipigwa unagonga fupa. Kwamba wa shemeji umeshaumia, na kabla haujapona hata pigo dogo linaweza kummaliza.

"Miezi mitatu asiguswe kichwani."

"Daktari, ana pambano mwezi ujao."

"Nimesema asiguswe, mzee."

Wakati wa kurudi tulisimama Kitai kunywa chai. Shemeji alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema upumzike."

"Mpaka lini?"

Niliangalia utingo anafunga mizigo juu ya basi.

"Wiki mbili."

Nimeitafuta sana sababu ya neno lile. Nilikuwa nimeshajigamba Songea. Tena yule daktari alikuwa kijana, mikono laini, hajapigwa ngumi hata moja maishani, na mimi nimepigwa zangu nikajenga nyumba ya bati. Nilijiambia kichwa changu kingeshakufa zamani kama maneno yake ni kweli.

Wiki mbili zikaisha. Maumivu yalikuwa yamepungua, nikaona nimeshinda. Niliingia ulingoni mimi mwenyewe ili nimwonje polepole. Nilimtupia mkono wa kushoto ambao nisingeutumia hata kufukuza mbuzi. Ukampata kwenye panja. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya magunia.

"Shemeji, umeniua," alisema. "Sasa dada yangu atabembelezwa na nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ndipo akatapika, mboni ya jicho moja ikatanuka, akalala ubavu.

Niliendesha lori mwenyewe, yeye pembeni yangu amefungwa kwa kanga asidondoke. Honi nilipiga bila kuwa na mtu mbele. "Ongea, shemeji," nilimwambia njia nzima. "Nitukane. Nitukanie hata mama yangu." Alikuwa anakoroma tu.

Alilala hospitali wiki nyingi bila kuzinduka. Mimi ni mtu wa kusukuma mambo, lakini hapo hapakuwa na kitu cha kusukuma. Niliwaona madaktari wa Songea, nikasafiri mpaka Dar, nikamfuata mganga milimani, nikapiga magoti kanisani kwetu Katoliki na kwao Anglikana. Alipoamka, mkono wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamekwisha. Alitembea akishika ukuta.

Mama yake alimtaka nyumbani, tukamteremsha ziwani. Nilikaa mbali kama mkwe anavyokaa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alikuwa anamlisha ugali na dagaa, tonge moja moja, anamfuta mdomo. Bila kuniangalia akauliza, "Ile safari ya kwanza, daktari alisema nini?"

Mke wangu akainua uso. Tangu shemeji aniulize pale Kitai, swali hilo hakuna mwingine aliyeniuliza. Kila lilipokaribia nilikuwa naanza kusema mimi.

"Alisema asiguswe kichwani miezi mitatu."

"Na wewe?"

"Nilimwambia wiki mbili."

Mke wangu alisimama, akatoka, akashuka majini na viatu vyake. Nilingoja mama mkwe anilaani. Ningeipokea laana ile kwa mikono miwili. Lakini aliita watu wa nyumba kwa Kinyasa, akawaelekeza kwa kidole, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nimewakataza. Hakuna kumgusa kichwa. Miezi mitatu, tunaanza leo."

Akavua kilemba chake, akamfunga mwanawe kichwani, polepole, kama anafunga yai.

"Ikiisha atasema, si ndiyo?"

Alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

"Ndiyo, mama," nilimjibu.

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Basi itakuwa wakati wa kupanda," alisema. "Uje na lori umchukue."