Sheria ya Fundi Safi

Watu walimwita Fundi Safi, na hawakumsingizia. Walisema nzi akitaka kutua mezani pake sharti avue viatu kwanza. Alitengeneza redio za mawasiliano, na alikuwa na sheria moja: kipuri kilichochoka hakilali ndani ya chombo chake. Sheria hiyo ndiyo iliyomtia motoni.

Mdogo wake, fundi vilevile, alikwenda kufanya kazi mgodini, mbali, kusikofika simu. Redio ilikuwepo, lakini redio ni baraza. Kila mwenye chombo anasikiliza. Basi ndugu hao wakaunda mashine mbili pacha, kwa vipuri vya boksi moja. Kila moja ilizaa vurugu ya umeme, mawimbi yanayozunguka bila kujirudia hata mara moja. Sauti ilifichwa ndani ya vurugu hiyo, na mashine ya upande wa pili, kwa kuwa ilizaa vurugu ileile, iliiondoa na kubakiza maneno. Wengine wote walisikia kelele tu, kama mchanga unaomwagwa.

Asubuhi moja Fundi Safi aliona kapasita moja ya mashine yake, kikopo cha kutunza umeme kisichozidi punje ya hindi, imeanza kuvimba. Ya mdogo wake bila shaka ilivimba pia. Zilizeeka pamoja, zikazaa vurugu ileile, na ndiyo maana walisikilizana. Hilo alilijua fika. Lakini mazoea yana tabu. Akalehemu mpya, ile ya zamani akaitupa kwenye takataka, zikachomwa. Akaacha kinasa sauti kimewashwa kinase mawimbi ya redio, akaenda kwa mteja.

Aliporudi alikuta kinasa kimejaa kelele ya mchanga: mdogo wake alikuwa amezungumza, tena kirefu. Jioni ikaja habari kwamba mgodi umeporomoka. Hakutoka mtu, wala mashine.

Kilichobaki ni ule mchanga kwenye kinasa. Alijaribu kila kapasita aliyoipata mjini. Tofauti ya chembe tu, na vurugu mbili zilipotezana. Mara moja alisikia, "Kaka, mwambie mama..." kisha mchanga. Lehemu ilipopoa, hata hayo yakapotea. Alilia kama mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni yeye.

Mama yao alikuja dukani kila siku. "Kasemaje mwanangu?"

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Anasema tusiwe na wasiwasi, mama. Anasema anatupenda."

Mama akamtazama. "Huyo ni wewe. Mdogo wako hajasema hivyo tangu azaliwe."

Fundi akainamisha kichwa, akamweleza yote, kikopo na sheria yake. Mama hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alivuta kiti mpaka kwenye spika.

"Lakini humo yumo?"

"Yumo, mama."

"Basi washa."

Kelele ikajaa dukani. Fundi akanyoosha mkono aipunguze. Mama akaupiga kofi.

"Acha! Umeshasafisha vya kutosha."